Kusi, kaskazi na joto linalovuka ikweta

Chovya kipimajoto baharini nje ya mwamba wa Mombasa au Unguja mwezi Machi, utasoma nyuzi joto 29 hivi. Pima hapohapo Agosti, utakuta kama 25. Watu wa pwani husema ni baridi ya kusi, upepo wa msimu utokao kusini, na hawakosei: upepo ule huvukiza maji ya juu na kuyakoroga na ya chini. Ila upepo haufanyi kazi peke yake. Mikondo nayo ina mkono wake.

Maji yanayopita mbele ya Dar es Salaam na Tanga huenda kaskazini mwaka mzima. Yanaletwa na mkondo mpana unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, kusini mwa ikweta. Ukifika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji hugawanyika, na tawi moja hupanda kwetu. Majira yakigeuka, mwelekeo wa tawi hili haugeuki. Hubadilika kasi yake na mahali linapoishia.

Kusi ikishika, tawi hilo huvuka ikweta na kuungana na mkondo wa Somalia, ambao msimu huo hupita mita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Wakati huohuo upepo husukuma maji ya juu yaondoke pwani ya Somalia, na maji ya kilindini hupanda kujaza nafasi. Karibu na Ras Hafun, Julai, bahari huweza kushuka chini ya nyuzi 20, na hapo ni kaskazini mwa ikweta, katikati ya kiangazi cha huko!

Joto limekwenda wapi? Kusini. Dunia inapozunguka, maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja: kaskazini mwa ikweta hukengeukia kulia, kusini mwake kushoto. Nayo kusi huvuma ikielemea magharibi ikiwa kusini mwa ikweta, na mashariki ikishavuka. Kwa hiyo upepo unaoelekea kaskazini huishia kupeleka maji ya vuguvugu kusini, ng'ambo ya ikweta, huku maji baridi yakirudi kwa chini. Kwangu mimi, hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika bahari yetu.

Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini mashariki, ikiingia, safari ya joto hugeuka. Mkondo wa Somalia nao hugeuka kuelekea kusini, jambo ambalo mikondo mingine mikubwa ya aina yake duniani haifanyi. Hukutana na wetu kaskazini mwa Kenya, kisha maji yote hukunja kuelekea mashariki, bahari kuu. Kwetu mkondo hupungua nguvu, bahari hutulia, jua la Februari na Machi huwa karibu na utosi, na maji hupata moto.

Ndiyo maana miezi ya Februari hadi Aprili ndiyo ya kuyachunga matumbawe. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipojumlishwa na hilo la msimu, matumbawe ya Kenya na Tanzania yalipauka vibaya na mengi yakafa.