Je, wajua kwa nini mmoja hupelekwa The Hague na mwengine akahukumiwa kwao?

Dominic Ongwen na Thomas Kwoyelo wote ni watu wa kaskazini mwa Uganda. Wote walitekwa wakiwa watoto na waasi wa LRA wa Joseph Kony, wakakulia msituni na bunduki, wakapanda vyeo hadi kuwa makamanda. Ongwen alihukumiwa The Hague, Uholanzi, mwaka 2021, miaka 25 jela kwa makosa 61 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, na tangu Desemba 2023 yuko gerezani Norway. Kwoyelo hakuvuka bahari. Mahakama Kuu ya Uganda, ikiwa imekaa mjini Gulu, ilimpa miaka 40 Oktoba 2024. Ikatolewa 15 aliyokwisha kusota rumande tangu alipokamatwa 2009, ikabaki 25.

Kundi moja, vita vile vile. Nani basi aliamua huyu apande ndege na yule abaki?

Kwenye mabaraza yetu ya Unguja jibu huja kabla kahawa haijapoa: wakubwa wa dunia huchagua wamtakaye. Lina chembe ya ukweli, lakini sheria yenyewe inaanza kwengine kabisa. Mkataba wa Roma wa 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yaani ICC, unasema nchi ndiyo yenye haki ya kwanza ya kumshitaki mtu. ICC inakamilisha tu pale nchi iliposhindwa. Kifungu cha 17 kinaitaka mahakama hiyo ikatae kesi ikiwa nchi yenye mamlaka inaichunguza au inaiendesha, isipokuwa nchi hiyo iwe haina nia ya kweli au haina uwezo. Ni kama mambo ya shehia: ugomvi wa mpaka wa kiwanja unaanza kwa sheha, na hakuna anayeruka moja kwa moja wilayani ila sheha awe mwenyewe ndiye aliyesogeza mpaka, au mlango wake uwe haufunguki.

Kwa Ongwen, Uganda yenyewe ndiyo iliyopeleka mashitaka ya LRA kwa ICC, mwishoni mwa 2003. Mwaka 2005 majaji wakatoa hati za kuwakamata makamanda watano, Ongwen akiwemo. Jina la Kwoyelo halikuwemo. ICC huwafuata wale inaowaona ndio wenye dhamana kubwa zaidi, na wa chini yao huachiwa nchi. Isitoshe, baadhi ya makosa aliyoshitakiwa Kwoyelo yalianzia miaka ya 1990, na ICC haina mamlaka juu ya jambo lolote lililotokea kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Uganda ikawa imeanzisha kitengo maalumu cha Mahakama Kuu kwa ajili ya kesi za aina hii, naye akafikishwa huko.

Hapo ndipo ubaya wa upande wa nyumbani unapoonekana. Kwoyelo aliomba msamaha kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2000, iliyowasamehe maelfu ya waasi waliojisalimisha. Mahakama ya Katiba ikamkubalia mwaka 2011, serikali ikapinga, na Mahakama ya Juu ikaja kusema mwaka 2015 kwamba kesi iendelee. Kutoka kukamatwa hadi hukumu ilipita miaka 15. Ongwen alijisalimisha mwanzoni mwa 2015 na hukumu yake ilitoka 2021. Nchi kupewa haki ya kwanza hakumaanishi itakwenda mbio.

Sasa sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuchanganyikiwa, nayo ni Arusha. Kwa miaka 20 tulikuwa na mahakama ya kimataifa uani kwetu, ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na wengi tunadhani mahakama zote za namna hiyo zinafanya kazi kama ilivyofanya ile. Ile ilikuwa kinyume. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda Novemba 1994 na kuipa nguvu ya juu: ikitaka mtu, mahakama ya nchi yoyote inamuachia, hata kama kesi imeshaanza. Kwa Rwanda ya wakati ule lilikuwa jambo linaloeleweka. Majaji wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, na magereza yalikuja kujaa watuhumiwa zaidi ya laki moja.

Lakini mgawanyo ule ulizaa jambo ambalo mpaka leo ni gumu kumeza. Mahakama ya Arusha haikuwa na hukumu ya kifo. Sheria ya Rwanda ilikuwa nayo. Wapangaji wakubwa, mawaziri na makanali walioshikwa nje ya nchi, walikuja Arusha, na adhabu ya juu kabisa ikawa kifungo cha maisha. Waliokamatwa ndani ya Rwanda walihukumiwa kwa sheria ya Rwanda, na Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani. Mwenye dhamana kubwa akapata adhabu ndogo kuliko mdogo wake. Rwanda ililiona mapema: ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka ule wa 1994 na ilipiga kura ya kupinga mahakama ambayo yenyewe ndiyo iliyoiomba. Hukumu ya kifo ilikuwa moja ya sababu.

Kilichofuata kinafundisha zaidi kuliko vifungu vya mkataba. Mahakama ya Arusha ilipotakiwa kufunga kazi, ikalazimika kugawa kesi zilizobaki. Ikajaribu kuzirudisha Rwanda, na majaji wake wakakataa mara ya kwanza kwa hofu kwamba washitakiwa hawatapata haki. Rwanda ilikuwa imeshaifuta hukumu ya kifo mwaka 2007, ikaendelea kurekebisha sheria na ulinzi wa mashahidi, na mwaka 2012 mchungaji Jean Uwinkindi akawa wa kwanza kusafirishwa kutoka Arusha kwenda kuhukumiwa Kigali. Kesi mbili nyengine zilipelekwa Ufaransa. Kwa jumla watu 93 walishitakiwa Arusha, huku mahakama za gacaca, zilizokaa chini ya miti vijijini, zikimaliza karibu kesi milioni 2 hadi 2012. Ukitazama hesabu hiyo utajua nani hasa aliubeba mzigo.

(Na ukiwa Arusha, usichanganye. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Mahakama ya Afrika Mashariki nazo ziko huko huko, ila hizo husikiliza madai dhidi ya serikali. Hazimfungi mtu. Na The Hague kuna nyengine, ICJ, inayoamua kesi za nchi kwa nchi, ambayo magazeti huiita ICC kila wiki kimakosa.)

Turudi kwenye kifungu cha 17, maana neno lake zito ni "kuchunguza". Nchi inatakiwa ifanye nini ndipo ihesabike kuwa inachunguza? Wakenya waliligundua kwa gharama. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Bunge lao lilikataa mwaka 2009 kuunda mahakama maalumu, na ile bahasha ya majina ya watuhumiwa kutoka tume ya Jaji Waki iliyochunguza machafuko hayo, aliyokabidhiwa msuluhishi Kofi Annan, ikaishia kwa mwendesha mashitaka wa ICC. Majina sita yalipotangazwa, serikali ikapeleka pingamizi mwaka 2011: tuna katiba mpya, tunarekebisha polisi na mahakama, tuachieni. Majaji wakajibu kwamba mageuzi ni mazuri lakini hayachunguzi mtu. Walitaka kuona faili: mashahidi gani wamehojiwa, dhidi ya nani, kwa matendo yapi. Kipimo ni mtu yule yule na matendo yale yale. Kenya haikuwa na faili la kuonesha, pingamizi likaanguka. Kwamba baadaye kesi zenyewe zilisambaratika The Hague, mashahidi wakijitoa mmoja baada ya mwengine, ni habari nyengine, ingawa inaonesha jinsi mahakama ya mbali inavyopata tabu pale nchi inapoinunia.

Libya ilishinda nusu. Ilitaka iachiwe Saif al-Islam Gaddafi, mtoto wa Muammar Gaddafi, na aliyekuwa mkuu wa ujasusi, Abdullah al-Senussi. Majaji walikataa kwa Saif, kwa sababu alishikwa na wanamgambo wa Zintan na serikali ya Tripoli haikuweza hata kumpata. Nchi isiyoweza kumfikisha mshitakiwa mbele ya hakimu wake haina uwezo. Senussi alikuwa gereza la serikali, faili lake lilikuwepo, wakaiachia Libya. Mwaka 2015 Tripoli ilimhukumu kifo. ICC ingempa kifungo, maana haina adhabu ya kunyongwa. Kazi yake ni kuuliza kama kesi ni ya kweli, na haikuumbwa iwe mahakama ya rufaa ya kila hukumu kali. Mimi jibu hilo halinistareheshi, ila ndivyo walivyokubaliana.

Na kwetu? Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma Agosti 2002, na Zanzibar imo kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Wanaouliza kama mambo ya 1964, au ya Januari 2001, yangefika The Hague wanajibiwa na tarehe yenyewe: yote ni kabla ya Julai 2002. Ikitokea mtu anayetafutwa kwa hati ya ICC ateremke na boti ya asubuhi bandarini Malindi, mahakama haina askari hata mmoja wa kumshika. Ni Jeshi la Polisi la Tanzania, nalo pia la Muungano, linalotakiwa kumkamata, na hakimu wa hapa hapa ndiye wa kuhakikisha kwamba huyu ndiye na kwamba taratibu zimefuatwa, kabla hajakabidhiwa. Cheo hakimkingi mbele ya ICC, hata awe rais.

Zamani cheo na siasa vilikinga. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani wa Zanzibar, baada ya vita vile vya chini ya saa moja vya tarehe 27 Agosti 1896, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini. Waingereza walimtaka. Wajerumani wakasema mkataba wao wa kurejesheana watuhumiwa hauwahusu wa kisiasa. Wakasubiri maji ya bamvua, na tarehe 2 Oktoba mashua ya manowari yao ikaja mpaka kwenye bustani ya ubalozi. Khalid akapanda bila kugusa ardhi ambayo Waingereza wangeweza kumkamata, akapelekwa Dar es Salaam.

Leo kuna mlango mwengine pia. Mikataba ya Geneva ya 1949 inaitaka kila nchi imshitaki mhalifu mkubwa wa vita anayekutwa kwake, au imkabidhi kwa atakayemshitaki, hata kama uhalifu haukufanyika nchini humo. Mahakama ya Koblenz, Ujerumani, ilimfunga maisha afisa wa ujasusi wa Syria mwaka 2022, na Dakar, mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal na Umoja wa Afrika ilimhukumu Hissène Habré, aliyekuwa rais wa Chad, mwaka 2016. ICC haikuhusika na yoyote kati ya hizo.

Kesi ninayoifuatilia zaidi ni ya Guinea. Kwa miaka 13 ICC iliibana nchi hiyo juu ya mauaji ya uwanjani Conakry ya tarehe 28 Septemba 2009, bila kufungua kesi yake. Siku kesi ilipoanza Conakry, Septemba 2022, ICC ikafunga jalada na kutia saini makubaliano na serikali. Julai 2024 Moussa Dadis Camara, aliyekuwa mtawala, akapata miaka 20. Machi 2025 akasamehewa na rais kwa sababu za afya. Mkataba wa Roma una kifungu kuhusu kesi za danganya toto. Hauna kifungu kinachotaja msamaha unaotolewa baada ya kesi ya kweli, na makubaliano yale ya Conakry yanamruhusu mwendesha mashitaka kulifungua tena jalada mambo yakibadilika.