Kiporo, omena na dawa ya mafua: maswali ya akina mama wa Nyalenda kuhusu viini

Nilialikwa na chama kimoja cha akina mama hapa Nyalenda, Kisumu, nizungumzie kipindupindu. Wengi wao huuza omena, yaani dagaa wa ziwani, na chakula kilichopikwa. Wananiita daktari, ingawa kazi yangu ni ya maabara. Kipindupindu tulikifikia mwisho kabisa, kwa sababu swali la kwanza lilifungua mengine mengi.

Daktari, maharagwe yangu yaliiva vizuri jana jioni nikayafunika. Asubuhi nakuta povu na harufu ya uchachu. Viini vimetoka wapi, na mimi nilivichemsha?

Mama, kuchemsha huua bakteria wengi, si wote. Wako bakteria wa udongoni ambao hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora haziogopi maji yanayotokota. Sufuria ikipoa, zinaamka. Wengine huingia baadaye kwa mwiko, kwa mkono au kwa nzi.

Bakteria hukua kidogo, kisha mmoja hujigawa wakawa wawili. Wenye kasi, wakipata chakula, maji na joto linalowafaa, hujigawa kila baada ya dakika 20. Tulihesabu pamoja kwa kokoto mpaka zikatuishia: saa 4 usiku yuko bakteria mmoja, saa 5 wako wanane, saa 6 ni 64, saa 7 ni 512. Saa 11 alfajiri wamepita milioni 2, na wote wametoka kwa yule mmoja.

Mwanzoni, hata hivyo, hawaongezeki upesi. Huchukua muda kuzoea mazingira mapya, na muda huo ndio wako. Chakula kikishapoa kidogo, kigawe katika vyombo vipana na ukiweke kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita. Huna friji? Pika cha kutosha mlo mmoja. Najua gharama ya makaa, lakini kupasha kiporo moto hakutoshi kila mara. Baadhi ya bakteria huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo hubaki hata wao wakifa.

Kama ni hivyo, mbona maziwa lala hayatudhuru?

Nililipenda sana swali hili. Bakteria wa maziwa lala hula sukari iliyo ndani ya maziwa, na wakishaitumia kupata nguvu hutoa asidi. Asidi ndiyo inayogandisha maziwa na kuyapa ule ukali, na ndiyo inayowazuia bakteria wengi waharibifu wasistawi. Jirani zetu Wakalenjin wanaitegemea kwenye mursik, maziwa yao ya kuchachisha, nasi kwenye uji wa kuchachisha. Nyama iliyooza ni jambo jingine: pale bakteria wanavunja protini, na mabaki yake ni gesi zenye uvundo.

Lakini asidi haimalizi kila kiini. Kile cha homa ya maziwa, brusela, kinaweza kubaki hai ndani ya maziwa yaliyoganda. Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha maziwa lala safi.

Na omena iliyokauka?

Imekosa maji, na bakteria hawezi kula wala kukua bila maji. Ndiyo maana mvua ikinyesha kwenye ufuo wa Dunga wakati omena bado iko kwenye nyavu, jioni tayari inanuka.

Virusi navyo hula nini?

Havili chochote, wala havipumui. Mfikirie mtu mwenye karatasi ya mshono, hana cherehani wala kitambaa. Anaingia kwa fundi na kumlazimisha aache kazi zote ashone mshono huo mmoja, mchana na usiku. Kirusi ndivyo kilivyo: maelekezo yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Fundi ni seli yako. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky, mtafiti wa Urusi, alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa kichujio kinachonasa bakteria, na maji yaliyopita bado yakaambukiza. Kilichopita kilikuwa kidogo kuliko bakteria.

Virusi vinavyotuuguza haviongezeki ndani ya sufuria, basi. Mkono usionawa unaweza kuvileta pale, kama vile rota inayowaharisha watoto. Chanjo ya rota inatolewa Kenya tangu 2014, na mtoto huanza kuipata akiwa na wiki 6.

Mtoto wangu alikuwa na mafua, nikauziwa kapsuli za antibayotiki. Mbona hazikumsaidia?

Kwa sababu mafua huletwa na virusi, na antibayotiki ni dawa ya bakteria. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, pamoja na ndugu yake amoksisilini, humzuia bakteria kujenga ukuta wake anapokua, naye hupasuka. Kirusi hakina ukuta huo. Dawa ilikosa cha kubomoa, ikaua bakteria wasio na hatia tumboni mwa mtoto na kuwaachia nafasi wale sugu. Hili linaniuma, kwa sababu maabara nawaona hao sugu: tunaweka dawa kwenye sahani nao wanaendelea kukua kana kwamba hakuna kitu.

Mpe mtoto maziwa ya mama na vinywaji kwa wingi. Ila akipumua kwa haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, mkimbize hospitali.

Malaria ni bakteria au virusi?

Si bakteria wala virusi. Ni kimelea cha aina nyingine kabisa, na dawa zake ni zake.

Na kipindupindu tulichokujia?

Ni bakteria anayeishi majini. Akifika kwenye utumbo hutoa sumu inayoufanya umwage maji ya mwili, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa kwa saa chache. Maji ya kunywa yachemshe au yatie klorini. Mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya mchele, koroga pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, aanze kunywa papo hapo, na aendelee kunywa mkiwa njiani kwenda hospitali.