Kwa Nini Jukwaa la Kripto Likidukuliwa Huwa Kimya?

Unafungua akaunti yako kwenye jukwaa la kripto, yaani tovuti ya kununua, kuuza na kuhifadhi sarafu za kidijitali, salio lipo kama kawaida, ila ukijaribu kutoa pesa kinajitokeza kimstari kimoja: kuna matengenezo, tunaomba uvumilivu. Yataisha lini, hakuna anayesema. Januari 2019 wateja wa Cryptopia, jukwaa la New Zealand, waliambiwa kwanza kuna matengenezo ambayo hayakupangwa. Muda si mrefu kampuni ikakiri imeibiwa, na Mei ikawa mikononi mwa wafilisi.

Mbona wasiseme mapema? Wenyewe husingizia upelelezi, eti mwizi asishtuke. Kwa kripto, hoja hiyo naiona dhaifu. Blokcheni, yaani kumbukumbu ya miamala yote ya sarafu hizo, ni daftari lililo wazi. Yeyote anaweza kuona sarafu zikihama kutoka pochi ya kidijitali ya kampuni kwenda pochi ngeni. Na mwizi hahitaji kuambiwa kwamba ameiba. Anayebaki gizani ni mteja.

Sababu nzito zaidi ni hesabu. Salio la kwenye skrini ni ahadi tu. Sarafu zenyewe mara nyingi zimechanganywa na za wenzako katika pochi ambazo funguo zake anazo mwenye jukwaa. Zikipungua, anayewahi kutoa anapata chake chote, aliyechelewa anaambulia patupu, na tangazo la wizi ndilo linaloanzisha mbio hizo. Mt. Gox, jukwaa la Tokyo, ilizuia utoaji wa bitcoin Februari 7, 2014, ikilaumu kasoro ya kiufundi kwenye bitcoin yenyewe. Februari 24 tovuti ikabaki ukurasa mtupu. Siku nne baadaye ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi, bitcoin zipatazo 850,000 hazijulikani ziliko. Wizi ulikuwa umeanza tangu 2011.

Linganisha na jukwaa la Bybit. Februari 21, 2025 iliibiwa etha (sarafu ya mtandao wa Ethereum) za karibu dola bilioni 1.5, na siku hiyohiyo bosi wake, Ben Zhou, akazungumza mubashara, akaeleza kilichotokea na kuacha utoaji wa pesa ukiendelea. Ujasiri, ndiyo, lakini pia alikuwa na uwezo wa kuziba pengo.

Kampuni ikinyamaza, matapeli hawanyamazi. Wanatuma ujumbe wenye nembo ileile: bonyeza hapa urudishiwe sarafu zako, andika maneno ya siri ya pochi yako. Mteja aliyekaa siku tatu bila neno anabonyeza, maana huo ndio ujumbe wa kwanza kumfikia.