Je, wajua kwa nini wadakaji wa besiboli ndio wanaogeuka mameneja wakubwa?

Takwimu za Bruce Bochy alipokuwa mchezaji hazimvutii mtu. Kati ya 1978 na 1987 alicheza misimu 9 kwenye Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, akivaa jezi za Houston Astros, New York Mets na San Diego Padres. Msimu mmoja wa ligi hiyo una mechi 162, lakini yeye katika misimu yote hiyo alicheza mechi 358 tu. Siku nyingi alikaa benchi, maana alikuwa wa akiba kwenye nafasi ya mdakaji, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji. Kwa kila mara 100 alizosimama kupiga, alifanikiwa mara 24 hivi.

Mtu huyo huyo, alipokuwa meneja, alitwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi hiyo, mara 4: na San Francisco Giants mwaka 2010, 2012 na 2014, kisha na Texas Rangers mwaka 2023. Meneja wa besiboli ndiye anayeamua nani aanze, nani atolewe na lini, kazi ya kocha mkuu kwenye mpira wa miguu. Katika historia yote ya ligi, mameneja waliofikisha mataji 4 au zaidi ni 6. Watatu kati yao, yaani Connie Mack, Joe Torre na Bochy, waliwahi kuwa wadakaji. Uwanjani timu ina nafasi 9, na mdakaji ni mmoja tu. Nusu nzima si jambo la bahati.

Sababu ya kwanza ni pale anapokaa. Mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji, amevaa kinyago na kinga ya kifua, akisubiri mpira wa mrushaji, mwenzake anayeutupa kwa mpigaji wa timu pinzani. Wenzake wote wanane wanatazama upande wake, na yeye peke yake anautazama uwanja mzima. Kipa wa mpira wa miguu naye huona hivyo, lakini kipa anaweza kukaa dakika 20 bila kuguswa na mchezo. Mdakaji yumo katika kila mpira unaorushwa, na kwa mechi moja mrusho wa timu yake hufika 150 kwa kawaida.

Tena hadaki tu. Kabla ya kila mrusho yeye humpendekezea mrushaji mpira wa kutupa: wa kasi, wa kupinda au wa polepole wa kumhadaa mpigaji, na uelekezwe wapi. Kwa miaka mingi alitoa ishara kwa vidole vilivyofichwa katikati ya mapaja. Tangu 2022 ligi imeruhusu kifaa cha elektroniki cha kubonyeza. Ili achague vizuri, lazima ajue udhaifu wa kila mpigaji wa timu pinzani, na akumbuke alichotupiwa alipokuja mara ya kwanza na ya pili. Wakati huo huo anawachunga wapinzani waliokwisha kufika vituoni, alama wanazozikimbilia ili kupata pointi, wasiibe kituo kingine kwa kukimbia ghafla, na kuwapanga wenzake wa ndani ya uwanja. Hayo ni maamuzi ya meneja, ila huyu anayafanya akiwa amechutama, jasho likimtiririka.

Jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote ni mkono wa mrushaji. Mrushaji anapoanza kuchoka, watu wa kwanza kujua si walioko benchi. Ni yule anayeupokea mpira: unapungua nguvu, unaelea juu ya pale alipoelekeza glovu, unapinda kivivu. Mdakaji pia ndiye huinuka, akatembea hadi kwenye kituta cha mrushaji na kumtuliza anapokuwa na hofu. Kwa hiyo hujifunza tabia za watu: nani anataka kukemewa, nani aguswe bega tu. Na katika besiboli ya leo, uamuzi mgumu kuliko yote wa meneja ni lini amwondoe mrushaji na nani aingie badala yake.

Hapo ndipo Bochy alipong'ara. Tarehe 29 Oktoba 2014 Giants walicheza mechi ya 7 na ya mwisho ya fainali ugenini kwa Kansas City Royals. Mrushaji wake wa kuanza, Tim Hudson, alitikiswa mapema, na Bochy akamtoa hata awamu ya pili kati ya tisa za mechi haijaisha. Jeremy Affeldt akashika usukani. Awamu ya tano, Giants wakiongoza 3-2, akaingizwa Madison Bumgarner, aliyekuwa amerusha mechi nzima siku tatu tu kabla. Wengi walitarajia awamu moja au mbili. Bochy alimwacha mpaka mwisho: awamu 5, mirusho 68, Royals hawakupata pointi tena. Kumwacha mtu aliyechoka kunahitaji jicho linalojua uchovu wa kweli unafananaje. Na meneja wa upande wa pili siku hiyo, Ned Yost? Naye alikuwa mdakaji. Jim Leyland wa Detroit Tigers, aliyefungwa na Bochy mwaka 2012, alikuwa mdakaji wa ligi za chini asiyewahi kufika Ligi Kuu.

Benchi nayo ni darasa. Kudaka huumiza magoti na vidole, hivyo kila timu huweka mdakaji wa pili, na huyo hutumia muda mwingi akitazama mchezo karibu na meneja au akiwapasha moto warushaji wa akiba. Bochy alisoma darasa hilo kwa miaka, kisha akaanza kufundisha timu za ligi za chini za Padres mwaka 1989. Alipokabidhiwa Padres wenyewe mwaka 1995, kiti hicho hakikuwa kigeni kwake.

Si kwamba nafasi nyingine hazitoi mameneja. Casey Stengel, mwenye mataji 7 na New York Yankees, alicheza mbali kabisa, nje ya vituo. Lakini vilabu vinaendelea kuwaamini wadakaji. Stephen Vogt alistaafu kudaka mwaka 2022, akafanya kazi msimu mmoja kama kocha wa warushaji wa akiba wa Seattle Mariners, na Cleveland Guardians wakamkabidhi timu. Msimu wake wa kwanza, 2024, alichaguliwa meneja bora wa American League, mojawapo ya sehemu mbili za Ligi Kuu. Mwaka 2025 akachaguliwa tena.