Yule chui milia hakuwa rafiki yake: maongezi baada ya muvi, kwa sisi tunaokaa jirani na Ruaha

Kamwene! Kwa wasionijua, mimi ni afisa elimu kwa jamii upande wa wanyamapori, kazi yangu kubwa ni kuzunguka vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, tunabeba projekta, jenereta na shuka jeupe, giza likiingia tunaonyesha muvi halafu tunakaa tunaongea. Safari iliyopita, kwenye kijiji kimoja cha tarafa ya Idodi, tuliweka Life of Pi, ile ya kijana wa Kihindi anayeitwa Pi ambaye meli yao ya mizigo inazama baharini, familia yote inapotea, anabaki kwenye boti ya kuokolea pamoja na pundamilia, fisi, orangutani na chui milia mkubwa anaitwa Richard Parker. Baada ya muda mfupi wanabaki wawili tu, kijana na chui milia. Siku 227.

Vijana wengi walishaiona kwenye kibanda umiza, wengine wameona vipande tu kwenye simu. Ilipoisha kijana mmoja wa bodaboda akasimama akauliza, afisa, kwahiyo hata simba wetu hawa mtu ukimzoea taratibu si anakuwa rafiki kama yule? Watu wakaitikia eeh, eeh, na nikaona kabisa kwamba nusu ya uwanja wameondoka na hilo. Ndio maana naandika, kwa sababu mimi naona muvi ile inasema kinyume kabisa, na ukiiangalia vizuri ni mojawapo ya mafunzo bora ya kuishi na mnyama mkali niliyowahi kuonyesha kijijini.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Yule kijana aliyeigiza kama Pi, anaitwa Suraj Sharma, hakuwahi kukaa kwenye boti moja na chui milia wa kweli. Muvi imetoka 2012, imeongozwa na Ang Lee, sehemu kubwa ya baharini imepigwa Taiwan ndani ya bwawa kubwa la kutengeneza mawimbi lililojengwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na Richard Parker mnayemwona sehemu nyingi ametengenezwa kwa kompyuta, unyoya kwa unyoya. Walikuwepo chui milia halisi wachache lakini kwa vipande vichache, na hapo kijana hayupo. Kazi ile ilichukua Oscar nne mwaka 2013, mojawapo ni ya hayo hayo maufundi ya picha. Kwahiyo mwanangu ukimwona yule mnyama kalaza kichwa mapajani kwa kijana, hicho kichwa hakikuwepo.

Sasa turudi mwanzo wa muvi, sehemu ambayo watu wengi huwa bado wanatafuta pa kukaa. Baba yake Pi ana bustani ya wanyama, na Pi akiwa mdogo anaingia kwa kuiba na kipande cha nyama anataka kumlisha chui milia kwa mkono kupitia kwenye nondo, anaamini mnyama ana roho na ameiona machoni. Baba anamkuta, anamwita, anaagiza mbuzi afungwe pale pale kwenye nondo na mtoto aangalie. Mama analia lakini baba hasikii. Anachomwambia mtoto ni kwamba ukimtazama machoni unachokiona ni hisia zako mwenyewe zinakurudia. Pale Idodi mzee mmoja wa Kimang'ati aliyekuwa kakaa mbele kabisa na fimbo yake akasema kwa sauti, huyo baba kafundisha. Hakuongeza neno.

Na kweli, kila kitu anachofanya Pi baharini kinatokana na somo la yule mbuzi. Angalia anavyopanga maisha yake. Hajengi urafiki, anajenga umbali. Anafunga maboya na makasia anatengeneza kachelezo kadogo, anakavuta nyuma kwa kamba, analala huko, boti anamwachia mwenye nguvu. Baadae anagundua hawezi kukaa kwenye maji milele, anaanza kugawana naye boti, hapa kwako hapa kwangu, kwa filimbi na kwa kuiyumbisha boti mpaka mnyama anaumwa na mawimbi, ili ile sauti ya filimbi aiunganishe na kichefuchefu. Mpaka mkojo anajaribu kumwaga kuweka mpaka. Watu walicheka pale, lakini wale jamii ya paka ndivyo wanavyoandikiana barua, simba dume wa Ruaha anapita anapulizia mkojo vichakani kila siku kuwaambia wenzake mwisho wenu hapa.

Jambo la pili ni tumbo. Pi hali nyama toka utotoni, samaki wa kwanza anamuua huku analia, lakini anajua hesabu yake: mnyama aliyeshiba analala, mwenye njaa anakutazama. Kwahiyo anavua usiku na mchana, samaki wengi wanaenda kwa Richard Parker. Sisi watu wa nyanda za juu kusini hili tunalo kwenye historia yetu, waulizeni wazee wa Njombe habari ya simba waliokula watu miaka ya 1930 na 1940. Waliuawa watu wengi sana, masimulizi yanataja hata 1,500, vijiji vikahama, na watu waliamini ni simba wa kutumwa. George Rushby, bwana nyama wa enzi ya mkoloni aliyewawinda mpaka wakaisha, alieleza kwamba serikali ilikuwa imeua swala na nyati wengi kuzuia sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, isisambae, simba wakakosa chakula, wakahamia kwa binadamu na wakafundisha watoto wao. Kwahiyo ndugu yangu unayetega nyaya za swala huko porini halafu mwezi unaofuata unalalamika simba kaingia bomani kwa shemeji yako, naomba uunganishe hayo mambo mawili.

Niliwahi kuitwa asubuhi kwenye boma moja karibu na Tungamalenga, ng'ombe watatu wamekufa. Mwenye boma alikuwa anasema simba karuka ukuta. Tukazunguka taratibu. Ukuta wa miiba ulikuwa umelala kwa nje, sio kwa ndani, na udongo wote umechimbwa na kwato zinazotoka. Simba alikuwa hata hajaingia, alizunguka nje tu, ng'ombe wakapata harufu wakachanganyikiwa wakavunja wenyewe wakamfuata huko huko gizani. Mmoja alikuwa na matundu manne kooni, damu kidogo sana, kwa sababu simba anabana koo mpaka pumzi iishe. Kwenye mwiba mmoja, urefu wa kiuno changu, kulikuwa na nywele kidogo za rangi ya majani makavu. Yule baba alizishika akakaa nazo muda mrefu kiganjani, hajasema kitu, ndama mmoja anamlilia mama yake pembeni, na mimi nilikosa neno la kumpa.

Ndio maana kila mkutano nasema boma. Miiba peke yake inakauka inalegea, kila mvua inaacha uwazi. Wavu wa waya wa fensi kwenye nguzo imara, juu kumpita mtu, chini umefukiwa, mlango nao uwe imara sio tawi la kuegesha, hiyo imesaidia sana kwenye maboma mengi upande wetu huu, na inasaidia kwa sababu ng'ombe hawatoki hata wakiogopa. Na tafadhali, ng'ombe akiuawa msiweke sumu kwenye mzoga. Sumu haichagui, watakufa pia tumbusi na mbwa wenu wa kulinda. Toeni taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, pigeni picha nyayo na mzoga kabla fisi hawajamaliza, maana bila ushahidi madai ya kifuta jasho yanakuwa magumu.

Kuna mama mmoja akauliza, je nikikutana naye njiani sina boti wala kachelezo? Swali zuri sana. Mama yangu, usikimbie na usimpe mgongo. Hawa wanyama wanavizia, mtu anayekimbia anakuwa swala. Simama, mwangalie, jikuze na khanga yako inyanyue, piga kelele nzito, rudi kinyumenyume taratibu. Huko Sundarbans, mpakani mwa India na Bangladesh, ambako chui milia wanaogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa na wanakula wavuvi na warina asali, miaka ya 1980 watu walianza kuvaa sura za bandia nyuma ya kichwa, ili mnyama kila akija aone anatazamwa, na mashambulizi kwa waliovaa yakapungua sana. Kwetu la msingi zaidi ni saa. Watafiti walichambua mashambulizi ya simba kwa watu huko Lindi na Mtwara kuanzia 1988 hadi 2009, wakaona mengi ni kati ya magharibi na saa nne usiku, tena zaidi siku zile mara tu baada ya mwezi mpevu kupita, maana mwezi unachelewa kutoka na giza linaanza mapema huku simba ana njaa ya siku za mbalamwezi alizoshindwa kuwinda vizuri. Kwahiyo mwezi ukianza kuchelewa, wanaolala shambani kulinda mahindi wasilale wazi, na choo cha usiku muende wawili na tochi.

Limebaki la maji. Pi amezungukwa na maji mpaka macho yanachoka na anakufa kiu, na wengi waliuliza kwanini asinywe tu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi hivyo, ukinywa kikombe mwili unatumia zaidi ya kikombe kuitoa hiyo chumvi, unakauka ukiwa unakunywa. Anachofanya yeye ni kukinga mvua na kubana akiba ya makopo ya boti, na hilo limetoka kwa mtu aliyeyapitia, maana Steven Callahan aliyeelea siku 76 kwenye Atlantiki mwaka 1982 alikuwa mshauri wa muvi hiyo. Wavuvi wa Mtera na wa Ziwa Nyasa nyie maji yenu hayana chumvi, shida yenu ni upepo, kiboko na kukosa jaketi la kuokolea, vaeni jaketi jamani, na mtumbwi usipite kati ya kiboko na kina chake.

Lakini kuna jambo dogo kwenye muvi ambalo mimi haliniachi. Richard Parker ni jina la mwindaji, makaratasi yalichanganywa, jina halisi la mnyama lilikuwa Kiu, kwa sababu alikamatwa akinywa mtoni. Mto wetu Ruaha Mkuu unatoka Usangu kule Mbarali, unapita kinamasi cha Ihefu, unaingia hifadhini, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kiangazi unakauka kipande kirefu ndani ya hifadhi, kwa sababu juu huko maji yanachepushwa mashambani kuliko mto unavyoweza kubeba. Nimesimama kwenye mchanga wa mto huo mwezi wa kumi, kuna dimbwi moja la tope ukubwa wa uwanja wa mpira, viboko wamepakana migongo kama mawe, na nyayo za tembo zinapita pembeni kuelekea vijijini, hazirudi. Tembo huyo anatafuta kisima cha mtu. Simba anafuata swala waliofuata maji. Mkulima wa mpunga wa Mbarali na mfugaji wa Idodi hawajuani, ila wako boti moja na kiu ile ile.

Mwisho wa muvi boti inagonga ufukwe wa Mexico, kijana kalala kwenye mchanga hana nguvu, Richard Parker anamruka anapita, anafika ukingo wa msitu, anasimama. Pi anasubiri ageuke. Hageuki, anaingia msituni. Kuna hadithi nyingine pale mwisho isiyo na wanyama kabisa na watu wanabishana ipi ni ya kweli, mimi sitaingia huko, ila mtoto wa darasa la tatu hivi alinishika mkono tukiwa tunakunja shuka akaniuliza, mjomba, kwanini hakumuaga? Kabla sijajibu yule mzee wa fimbo akamwambia, mjukuu wangu, kaenda kwao, na wewe nenda kwenu, saa tatu hii.

Halafu akanigeukia. Bwana nyama, ule wavu wa waya mliosema, unakuja lini? Nikamwambia kesho, ila mashimo ya nguzo ni kazi ya mwenye boma. Saa moja asubuhi tulipofika kwake, yule kijana wa bodaboda alikuwa kashika sururu, na mashimo kumi na moja yalikuwa tayari yamechimbwa.