Programu huria na vyuo vyetu: tunayoyaamini ambayo sio kweli

Tuanze na hili la kusema programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi Bongo kazi yetu kudanlodi tu. Jamani hapana. DHIS2, ule mfumo wa takwimu za afya, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo lakini mizizi yake ni Afrika Kusini miaka ya 90, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wamo humo miaka mingi, wamejenga programu zinazokaa juu yake. Alafu Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa, mnaikumbuka? Ilianza 2015 hapa hapa Dar, wanafunzi wa UDSM na Chuo Kikuu Ardhi wakaingia mitaani na wakazi wenyewe kwenye maeneo ya mafuriko, wakachora nyumba, njia na mitaro, droni zikapiga picha toka juu, na ramani zikawekwa OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyo wazi mtandaoni, ambako yeyote anazikuta.

Kwa hiyo hata ile ya "mi sisomi kompyuta hainihusu" haina mashiko, maana mwanafunzi wa mipango miji anayejua maji ya Tandale yanapita wapi mvua ikinyesha ana kitu ambacho mwandika programu hana.

Wengine wanaogopa kwamba chuo kikiweka msimbo wazi kimeugawa bure na hauna tena mwenyewe. Sio hivyo, hakimiliki inabaki kwa mwenyewe, leseni ndo inasema wengine waruhusiwe nini. Leseni ya GPL kwa mfano inamtaka anayesambaza toleo alilobadilisha aliachie kwa masharti yale yale, leseni ya MIT yenyewe imelegea zaidi. Kaeni na chuo mkubaliane leseni mapema, kabla mwanafunzi hajaandika mstari wa kwanza.

Kuhusu usalama, watu wanasema kilicho wazi kinadukuliwa kirahisi, na wapo wanaosema kilicho wazi ni salama tu. Wote wanakosea! Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, iko wazi na inaendesha seva kibao duniani, lakini kasoro ya Heartbleed kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ilikaa kama miaka miwili mpaka 2014 ndo ikagundulika, msimbo uko wazi ila wanaoukagua wachache. Vyuo vina macho mengi, na mwanafunzi wa usalama wa mitandao akipewa msimbo halisi aukague anajifunza kuliko kukariri desa.

Sasa hili ndo linaloniuma. Tunadhani kwa kuwa programu ni bure basi na ushirikiano ni bure. Bando linalipiwa, seva inalipiwa, muda wa supavaiza unalipiwa. Na semesta haiendani na mradi kabisa, wanafunzi wanakuja kwa pamoja wanamwaga kazi wiki ya mwisho wapate maksi alafu wanapotea, wasimamizi wa mradi ambao wengi wanajitolea wanabaki na lundo la kazi nusu nusu, mwakani wakiona barua ya chuo hawana hamu. Mwalimu angeingia kwenye mradi mwenyewe kwanza, azoeane nao, wanafunzi waanze na kasoro ndogo au kutafsiri maelekezo kwa Kiswahili, na kila darasa liache mtu wa kumpokea anayefuata.

Na msidhani teknolojia mpya ni za makampuni makubwa tu. RISC-V, usanifu wa chipu ulio wazi, ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, 2010. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland, alipoitoa Linux 1991, ila iliyoikuza ni watu wengine kuipokea. Kwenye akili mnemba pia Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za kufundishia kompyuta kuelewa lugha, inapokea sauti za Kiswahili, simu yako inatosha kuchangia.

Kama uko mwaka wa mwisho na bado unatafuta projekti, kabla hujaanza mfumo mwingine wa maktaba utakaoishia kwenye flashi, tafuta mradi ulio hai, soma orodha yao ya kasoro, uliza ipi haijashikwa na mtu.