Mukula si msandali

Dhana: Mti wa mukula wa Katanga (kusini mwa Kongo) ni msandali, mti wa mbao yenye harufu nzuri, maana ndani ni mwekundu.
Wekundu hauthibitishi kitu. Mukula ni wa jamii ya kunde, ndugu wa maharage: jani lake limegawanyika vijani kadhaa, maua ni ya manjano, ganda ni duara lenye bawa, na ukichanja gome hutoka utomvu mwekundu. Msandali wa India (Santalum album) una majani mazima yanayokaa mawili mawili, yakitazamana, na tunda dogo lenye kokwa moja, linaloiva likiwa jeusi la zambarau. Kiini cha mbao yake ni manjano hadi kahawia.

Dhana: Msandali wa Afrika ni uleule wa India.
Ni wa ukoo mmoja tu. Osyris lanceolata ni kichaka au mti mdogo, majani yake hupishana, tunda lake ni jekundu. Dume na jike ni miti tofauti, kwa hiyo jike wakimalizwa, mbegu hakuna.

Dhana: Msandali wa India unanukia mti mzima.
Mafuta yamo katika kiini cha shina na katika mizizi mikubwa. Jani, gome na mbao nyeupe ya nje havina harufu hiyo. Kiini huanza kujijenga mti ukiwa na miaka 10 hivi. Mavuno mazuri huhitaji 30. Anayekata wa miaka 5 amepata kuni.

Dhana: Unapandwa peke yake, kama mwembe.
Hapa ndipo miche mingi hufa. Msandali ni nusu kimelea: majani hujitengenezea chakula, lakini mizizi hutoa vinundu vinavyong'ang'ania mizizi ya jirani na kunyonya maji na madini. Ukiwa peke yake kwenye sashe (mfuko wa plastiki wa kuoteshea), mche humaliza akiba ya mbegu, hugeuka manjano na kudumaa. Mwenyewe huongeza maji, mizizi ikaoza.

Mbegu mbichi hulala miezi 2 hivi, kisha huchipua kwa wiki 4 hadi 12. Mche ukifikisha majani 4 hadi 6, uhamishie kwenye sashe pamoja na mmea mdogo wa kuunyonya, kama Alternanthera, ukiupogoa ili usiufunike mche. Shambani tanguliza mbaazi, kama mita 1 kutoka kwenye shimo. Mbaazi huisha baada ya miaka michache, basi weka na mvinje au mgunga mita 2 hadi 3 pembeni. Kwa Lubumbashi, hamisha Novemba au Desemba, mizizi ipate kushikana kabla mvua haijakatika. Dembo (bonde la majimaji) lenye maji yaliyotuama liachie mpunga.